Zulia la Ugoro na Damu ya Mzee

Nianze kwa kusema kwamba dada yangu Anastazia nampenda. Nasema mapema, kwa sababu nikishaanza kueleza habari ya zulia lake mtu anaweza kudhani simpendi.

Anastazia ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko karibu na soko pale Musoma mjini, na kazi anayojulikana nayo ni mapazia. Ukipita Bweri, ambako kila siku nyumba mpya inaota, madirisha mengi unayoyaona yamevaa kazi ya mkono wake. Lakini yeye mwenyewe kwa miaka yote hiyo alikuwa amepanga chumba na sebule, sakafu ya saruji imechimbika, dirishani katundika kanga iliyopauka. Wateja wakimtania anajibu kwamba mganga hajigangi, kisha anaendelea kukanyaga cherehani.

Mume wake, shemeji yangu Gibson, anachomelea mageti. Walipata kiwanja hapo hapo Bweri wakajenga kidogo kidogo, kama wanavyojenga watu wa hali yetu, msingi leo na ukuta Mungu akijalia. Siku ya msingi mama yetu, Rhobi, alikuja kutoka Butiama. Hakuna aliyemwomba afanye kazi, ila alichukua karai akasomba mawe pamoja na vibarua mpaka tukaona aibu. Mchana akamuuliza Anastazia sebule itakuwa wapi. Alipoonyeshwa alikaa juu ya jiwe, mahali penyewe, akakunja miguu akasema, "Hapa hapa nitakuja kukaa."

Anastazia alilishika neno hilo. Baba alikufa wakati yeye bado ni mpangaji, kwa hiyo hakuna mzazi aliyewahi kuketi katika nyumba ambayo ni yake. Alikuwa anajenga kwa ajili ya watoto wake, ndiyo, lakini ukimsikiliza vizuri alikuwa anajenga ili mama akae pale penye lile jiwe.

Mwaka huu nyumba ikaisha. Wanajumuiya wakapanga Jumamosi ya kuja kuibariki, mama akapelekewa habari, na mimi niliyeolewa Kabasa, kule Bunda, nikaambiwa nijiandae kupika. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya maziwa. Makochi yalikuwa ya damu ya mzee. Mapazia, usiseme, ya kijani yenye nyuzi za dhahabu, ameyashona kwa roho yake yote. Kilichobaki ni zulia.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza.

Anastazia aliingia kwenye simu. Huko akakutana na watu wanaofundisha namna ya kupamba nyumba, na kila mmoja ana sheria zake. Zulia lisifanane na ukuta. Zulia lisigombane na pazia. Nyumba ya kisasa inataka kijivu, nyumba ya asili inataka rangi za udongo, chumba kidogo kinataka rangi ya kukipanua. Alinipigia simu nikiwa napima mchele wa mteja akaniuliza, "Wegesa, hivi nyumba yangu ni ya mtindo gani?"

"Ya matofali," nikamwambia.

Hakucheka. Akaja Bunda asubuhi iliyofuata, na mkononi ameshika mfuko mkubwa wa rambo. Ndani ya mfuko kulikuwa na mto wa kochi. Mto mzima! Alikuwa ameupakata kwenye bodaboda, kwenye gari, mpaka mlangoni kwangu, ili kila zulia atakaloliona aliwekee mto juu aangalie kama rangi zinapatana. Kwenye barabara ya Mukendo kule Musoma alikuwa ameshafukuzwa kwa macho na wenye maduka wote.

Nilimzungusha Bunda siku nzima. Kijivu akasema kinaonekana kama majivu ya jiko. Bluu ikamtisha, eti itamkumbusha ziwa na wadudu wake wanaojaa kwenye taa. La maziwa lilimpendeza sana akaligusa na shavu, mimi nikamuuliza kama anayajua matope ya Bweri mvua ikinyesha, tukakosana pale pale dukani. Gibson alipopigiwa simu alisema kaka mmoja kazini ana zulia jeusi na halijawahi kufuliwa. Anastazia akakata simu.

Mwenye duka la mwisho ni kijana anaitwa Pastory, mpole kupita kiasi. Alitutolea mazulia mpaka tukawa tunakaa juu yake. Dada yangu akamwambia ayatoe nje, kwa sababu taa ya dukani inadanganya rangi. Pastory akayatoa. Akamwambia ayarudishe kivulini, kwa sababu sebule yake haina jua. Akayarudisha. Wapita njia wakaanza kusimama. Mimi nilikuwa na njaa, miguu inawaka, nikitamani ardhi inimeze pamoja na ule mto.

"Mpigie mama umuulize anapenda rangi gani, basi tumalize," nikasema.

Akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Mama, zulia la sebuleni unapenda rangi gani?"

"Yoyote, mwanangu."

"Lazima kuna moja unayoipenda."

"Nimekwambia yoyote. Mimi nitakaa tu."

Anastazia alikasirika. Alisema watu wote wa ukoo huu hawana haja na kitu kizuri, wamezoea kuishi kama ng'ombe. Nikamjibu kuwa ng'ombe wa baba ndio waliomsomesha ushonaji. Akanipa mgongo. Alipogeuka, Pastory alikuwa ametandika zulia la mwisho kutoka ghalani, nene, lenye manyoya marefu, katikati rangi ya ugoro na ukingoni damu ya mzee. Mto ulipowekwa juu yake ukawa kama umezaliwa hapo.

Mimi mwenyewe nilisema ni zuri. Lakini lilikuwa kubwa mno. Nikamwambia achukue dogo la rangi hiyo hiyo, la kuweka chini ya meza.

"Wewe hujui," akasema. "Wamesema miguu ya mbele ya makochi yote lazima ikanyage zulia. Ndiyo inaunganisha sebule. Zulia dogo linafanya makochi yaonekane hayajuani."

Basi, makochi yakajuane. Likafungwa, likapakiwa juu ya gari, likaenda Bweri. Lilipotandikwa liligusa karibu kila ukuta, likaingia chini ya makochi yote na chini ya kabati la televisheni. Marumaru ambayo Gibson alijinyima kuinunua haikuonekana hata kipande. Shemeji alisimama mlangoni ameshika viatu mkononi, akaangalia, akasema ni sawa. Huyo ni mwanaume wa maneno machache.

Sasa niseme jambo ambalo sisi wote tulikuwa tunalijua. Ndiyo maana linanichoma mpaka leo.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, na mama akiwa na la kusema anamtuma mtu hata kama mkwe amekaa hatua mbili kutoka alipo. Vijana wengi wameyaacha hayo. Mama yetu hajaacha. Katika nyumba ya kupanga mambo yalikwenda bila shida, yeye kwenye kiti upande huu, Gibson kwenye stuli karibu na mlango, kati yao saruji tupu. Na tangu tukiwa wadogo tulimsikia akisema kwamba kitu cha mwisho kabisa, kisichosemeka, ni mkwe na mama mkwe kukalia ngozi moja.

Tuliyajua. Tulizunguka Musoma na Bunda na mto wa kochi, tukagombana kuhusu udongo na matope na taa, na hakuna aliyelikumbuka hilo.

Jumamosi ikafika. Wanajumuiya walikuja wakiimba, viatu vikajaa barazani, sebule ikapendeza kwa watu. Gibson alikaa kwenye kochi la upande wa dirisha, amevaa koti. Katekista Lukas alikuwa na maji ya baraka kwenye chupa. Kochi lililo mkabala, upande wa televisheni, liliachwa wazi kwa mama, na Anastazia alikuwa amelitandikia kitambaa alichokifuma mwenyewe. Ndipo palipokuwa na lile jiwe.

Nilimpokea mama garini. Alinishika bega tangu barabarani mpaka barazani, nikafikiri ni raha ya siku. Akavua viatu. Akanyanyua mguu, akaushusha ndani taratibu, vidole vikaingia kwenye manyoya. Akaurudisha nje haraka.

Akainama, akapapasa kwa kiganja, kushoto na kulia.

"Hii ni ngozi ya nini?"

"Ni zulia, mama," nikasema.

"Linaishia wapi?"

"Si unaona mwenyewe, limejaa nyumba nzima." Nilikuwa nimechoka, wali ulikuwa jikoni.

"Na mkwe amekaa wapi?"

Nilidhani anauliza kwa heshima, maana huwa hamwangalii usoni. Nikamwambia yupo dirishani.

"Miguu yake iko juu ya hii?"

"Iko juu."

Mama akavuta kanga kichwani, akarudi nyuma, akaketi kwenye kiti cha plastiki barazani. "Hatukaliagi ngozi moja na mkwe," akasema. "Mniletee maji ya kunywa."

Jamani! Ukitaka kumwona mtu mzima anavyochanganyikiwa ungemwona Anastazia. Alitoka mbio, akapiga magoti, akamwambia mama hili ni zulia tu, limetoka kiwandani. Katekista Lukas naye akatoka akasema kwa upole kwamba mbele za Mungu hiyo si ngozi.

"Ina manyoya," mama akamjibu, na katekista akakosa andiko.

Gibson alielewa haraka kuliko sisi. Akasimama, akasema yeye atatoka akae barazani, mama aingie. Mama akanishika mkono kwa nguvu. "Mwambie mkwe akae. Mwanaume kutolewa kwenye nyumba yake siku inabarikiwa, kwa ajili yangu? Hiyo nitakufa nayo. Mwambie akae."

Nikamwambia akae. Akakaa. Sauti yake na ya mama zilikuwa zinasikika pande zote mbili, na mimi katikati napeleka maneno kama mabubu wamekutana.

Tukajaribu kukunja kona ya mlangoni. Mama akapapasa akasema ni lile lile, limekunjwa tu. Mtu mmoja akapendekeza kulitoa lote, lakini makochi yalikuwa juu yake, na watu juu ya makochi, na kabati, na vyombo vya kabati. Wimbo wa kwanza ukaisha, wakaanza wa pili. Kupitia dirishani niliona mama amekaa barazani, mikono mapajani, anaimba nao.

Niliona hasira mpaka machozi. Nilimkasirikia dada kwa ukubwa wa zulia lake, nikamkasirikia mama kwa ukali wake, nikawakasirikia wale watu wa kwenye simu ambao hawana mama mkwe.

Jikoni nilimkuta Anastazia ameegemea ukuta, analia bila sauti.

"Nimeshonea watu mapazia," akasema, "nimeingia sebule zao zote kupima madirisha. Kila nyumba namkuta mama wa mtu amekaa. Wa kwangu yuko nje kama mbuzi."

Nikaendelea kupakua wali, nikiugonga mwiko kwenye sufuria kwa nguvu kuliko inavyostahili.

Nilipogeuka hakuwepo. Alikuwa ameingia chumbani, na akatoka na mkasi wake wa kazi, ule mkubwa wa kukatia mapazia, ambao watoto wake wakiugusa wanapigwa. Akapita katikati ya wanajumuiya waliokuwa wanaimba. Akapiga magoti kwenye ukingo wa zulia, akatafuta kati kwa shubiri, akaingiza mkasi.

Wimbo ukafa wenyewe.

"Mama Judith!" Gibson akaita, kwa jina la binti yao wa kwanza. Akanyanyuka. Nilidhani anakwenda kumnyang'anya. Alimwangalia mkewe, akaangalia mlangoni, kisha akapiga magoti upande wa pili akalivuta zulia likaze ili likatike vizuri.

Lilikuwa gumu. Upande wa chini una gundi na gunia, na mkasi ulikuwa unalia kila ukibanwa. Manyoya ya ugoro yalipanda hewani, yakatua kwenye suruali ya katekista. Anastazia alikata akitoka jasho, hakuinua uso, mpaka akafika ukuta wa pili. Kisha wanaume wakanyanyua makochi, kila kipande kikavutwa kwake, na katikati marumaru ikaonekana kwa mara ya kwanza, upana wa kiganja. Kipande cha mlangoni, upande wa televisheni, kikawa cha mama. Cha dirishani cha Gibson.

Nikaenda kumchukua mama. "Yamekuwa mawili," nikamwambia.

Hakuniamini kwa maneno. Alipita juu ya kipande chake akiwa amenishika bega, akafika pale palipokatwa, akainama, akapitisha kidole kwenye ile marumaru kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine. Halafu akarudi akakaa kwenye kochi lake, akakunja miguu kama siku ile ya mawe.

"Haya," akasema. "Nimekaa. Barikini."

Anastazia alikaa chini karibu na magoti yake, mkasi bado mkononi, nywele zimejaa manyoya ya zulia. Sidhani kama alisikia hata sala moja. Wali ulikuwa umepoa kabisa na hakuna aliyelalamika, ila mimi.

Kesho yake nilimrudisha mama Butiama kwa gari dogo la kukodi. Bado nilikuwa na kinyongo, nakiri hivyo. Nilikuwa nahesabu kichwani siku tuliyoipoteza Bunda, na Pastory, na ule mto, na zulia zima zuri lililoishia kuwa vipande. Tulipofika nusu ya njia mama akanigusa.

"Hebu niambie. Lile zulia lina rangi gani?"

"Mama! Si ulilikalia jana?"

"Nililikalia. Sijaliona."

Nikageuka kumwangalia. Alikuwa ameelekeza uso mbele, mtulivu, na kwa mara ya kwanza niliyatazama macho yake nikiwa nayatazama kweli. Jicho moja lilikuwa na utando kama wa maziwa. La pili lilikuwa limeanza.

"Hili la kulia lilishaondokaga," akasema. "Hili lingine linanionyesha mwanga na kivuli. Njia ya shambani naijuaga kwa miguu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mngeniacha nikakae kwenye nyumba? Mngenipeleka hospitali. Siku ya Anastazia ingekuwa siku ya macho yangu."

Nilitaka kumgombeza. Maneno makali ninayo mengi. Lakini nikakumbuka bega lile, na kule kupapasa, na "linaishia wapi", na mimi nikimjibu "si unaona mwenyewe". Nililia pale pale, dereva akapunguza mwendo.

"Tutakupeleka wiki hii," nikasema.

"Mtanipeleka. Lakini kwanza niambie rangi."

Nikamweleza. Katikati ugoro, kama ule wa bibi. Ukingoni damu ya mzee, sawasawa na makochi. Alisikiliza vizuri, akitikisa kichwa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia.

"Mpigie. Mwambie nimesema rangi ni nzuri. Hayo mengine utamwambia kesho."

Nikapiga. Anastazia alipokea huku cherehani inalia nyuma yake. Alikuwa anazipinda kingo zilizokatwa kwa mkanda wa damu ya mzee.

"Mama anasema rangi ni nzuri," nikamwambia.

Cherehani ikanyamaza. "Ipi? Ya ugoro au ya ukingo?"

"Zote mbili."

"Nilijua!" akapiga kelele. "Nilikwambia mimi, ukabisha! Mama ana macho, siyo kama wewe."

Nikakata simu kabla sauti yangu haijanisaliti. Mama alikuwa ameniwekea mkono gotini, anasubiri.

"Amefurahi?" akauliza.

Nikamwambia amefurahi.